Tiki mbili za bluu si "ndiyo"

Wanachuo wenzangu, wiki iliyopita nilimuudhi mama. Anauza dagaa hapa Mabatini. Kusoma kwake ni kwa shida, ila WhatsApp anaiweza: anabonyeza kipaza sauti, anaongea, basi. Alinitumia ujumbe niende Jumamosi kumsaidia kubeba magunia. Niliusikiliza nikiwa kwenye daladala, sikujibu. Jumamosi akanisubiri mpaka jua likawa kali.

"Si ulitiki?" akaniuliza.

Jamani, mama hakukosea. Shuleni tiki ni "umepata". WhatsApp walipoleta tiki za bluu mwaka 2014, walimaanisha tu kwamba ujumbe umefunguliwa. Nani alimwambia? Hata sisi wajanja tunabonyeza picha ya flopi kuhifadhi kazi, na wengi wetu flopi yenyewe hatujawahi kuishika. Tumekariri tu.

Kipaza sauti hakikumhitaji mwalimu, tiki inamhitaji. Sasa sisi wa ualimu tutaenda kufundisha a, e, i, o, u, halafu alama ambazo wazazi wanazisoma kila siku tuziache? Mimi nimeanza na mama. Na siku hizi nikisikiliza, najibu.