Nani Anamkagua Mkaguzi?

Muyama tunalima maharage, lakini vijana wenzangu wanakwenda machimboni, kwa hiyo nauliza.

Januari 2024 kifusi kiliua watu 22 Ng'alita, Bariadi. Wakubwa wakasema eti eneo lilishazuiwa kwa sababu ya mvua. Lilizuiwa kwa mdomo tu? Aliyezuia alirudi lini kutazama?

Tume ya Madini ndiyo inayokagua usalama, na ni hiyo hiyo inayokusanya mrabaha. Lengo la makusanyo linatajwa bungeni kila bajeti. Matimba yaliyooza, mimi sijayasikia yakitajwa. Mkaguzi akipita bila kuchungulia duara, nani atamwita ajieleze? Jamani, ripoti yake ibandikwe ofisi ya kijiji, na saini yake chini, mchimbaji aisome kabla hajashuka.