Ogunde: Polisi aliyeifanya sanaa kuwa kazi

Ndugu msomaji, mtu wa mjini akiulizwa kazi yake hutaja kiwanda, ofisi, gereji, hospitali au duka, na mazungumzo yakaendelea. Lakini mwigizaji akiulizwa swali hilo hilo na mkwe wake mtarajiwa, jibu lake huzaa swali jingine: "Hayo ni ya starehe, mwanangu. Kazi yako hasa ni ipi?" Leo nakuletea habari za mtu wa Afrika Magharibi aliyelijibu swali hilo kwa muda wa miaka 46. Hakulijibu kwa hotuba. Alilijibu kwa tiketi, kwa magari, kwa ujira, na uzeeni kwa filamu.

Mtu huyo ni Hubert Ogunde. Alizaliwa mwaka 1916 katika mji mdogo wa Ososa, karibu na Ijebu-Ode, kusini magharibi ya Nigeria. Nyumbani kwao walikuwa watu wa kanisa, na kijana huyu alijifunza kinanda na nyimbo za ibada. Lakini nje ya kanisa palikuwa na ngoma za egungun, vinyago ambavyo Wayoruba huvitoa kuwakumbuka wahenga wao, na hizo nazo alizicheza tangu utotoni. Masikio yake yalilelewa na vyote viwili, kinanda na ngoma, wala hakukubali kamwe kimoja kimfukuze mwenziwe.

Alipokuwa kijana alifundisha shule, kisha mwaka 1941 akajiunga na jeshi la polisi la serikali ya kikoloni. Alipohamishiwa Lagos, kanisa moja la Aladura lilimwomba atunge mchezo wa nyimbo ili kuchangisha fedha. Tarehe 12 Juni 1944, katika ukumbi wa Glover Memorial, watu wa Lagos waliona mchezo wake wa kwanza, uliohusu Bustani ya Edeni na Kiti cha Enzi cha Mungu. Michezo ya kanisa ilikuwa mingi siku zile, na watu walizoea waimbaji wasimame wima kama nguzo. Wa Ogunde walicheza, wakaigiza, wakapigiwa ngoma za kwao. Ukumbi ulijaa, na mchezo ukaombwa tena.

KUACHA MSHAHARA

Hapa, ndugu msomaji, ndipo wengi wetu tungeishia. Tungelipongezwa, tukarudi kazini Jumatatu, na sanaa ikabaki kuwa jambo la mwisho wa juma. Ogunde aliunda kundi lake mwaka 1945, na mwaka 1946 akaacha upolisi. Fikiri uzito wa uamuzi huo. Konstebo alikuwa na sare, na mwisho wa mwezi ulikuwa na hakika. Mcheza michezo hakuwa na hakika hata ya chakula cha jioni, kwa maana michezo ya ukumbini ya namna hiyo ilikuwa bado haijawa kazi ya kumlisha mtu.

Kwa hiyo Ogunde ilimpasa kuijenga kazi yenyewe kabla ya kuifanya. Alikodi kumbi, akapiga chapa mabango, akauza tiketi. Alitafuta magari, akapakia watu, maleba, ngoma na baadaye saksofoni na magitaa, akaenda mji hadi mji. Kundi likiingia mjini lilitangaza kwa ngoma na kipaza sauti. Usiku onyesho lilianza kwa nyimbo na ngoma za kuwachangamsha watu, ndipo mchezo wenyewe ukafuata. Utaratibu huo uliigwa na wengine. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 makundi ya namna hiyo katika nchi ya Wayoruba yalikadiriwa kuzidi 100. Kila moja lilikuwa na dereva wake, fundi taa wake, wapiga ngoma wake na mweka fedha wake. Mtu mmoja aliacha mshahara, na watu wengi wakaupata.

MABINTI WA WATU

Tatizo kubwa lilikuwa waigizaji wa kike. Mwaka 1946, katika mchezo ulioitwa Tiger's Empire, Ogunde aliwatangaza wanawake kuwa wasanii wa kulipwa, jambo lililokuwa halijatokea katika michezo ya Kiyoruba. Jamii ilipokea habari hiyo kwa matusi. Binti anayepanda jukwaani usiku na kusafiri na wanaume aliitwa kahaba, na wazazi waliwarudisha binti zao nyumbani. Wazazi wa huku kwetu, wa pwani na wa bara, wanaujua mjadala huo bila kuhadithiwa.

Dawa aliyoipata Ogunde itakushangaza: aliwaoa. Mwigizaji aliyekuwa mke wa mwenye kundi hakuweza tena kuitwa mwanamke wa ovyo, wala wazazi hawakuwa na sababu ya kumfuata. Baada ya miaka mingi kundi lilikuwa limegeuka kuwa ukoo, wake na watoto wakiigiza, wakiimba, wakishona maleba.

Wapo wanaolisifu jambo hilo kuwa werevu, na kwa upande wa heshima liliwakinga wanawake wale. Lakini sisi wafanyakazi tuliangalie na kwa jicho la pili. Mwajiri akiwa ndiye mume, mfanyakazi akipunjwa ataenda kwa nani? Akitaka kuacha kazi, ataacha na ndoa? Hata ugomvi wa jikoni huweza kupanda jukwaani, na wa jukwaani ukashuka jikoni. Ogunde aliwashinda wasengenyaji. Hakulimaliza swali la haki ya mwanamke anayefanya kazi ndani ya mali ya mumewe. Swali hilo limo hata katika duka la mtaani kwako.

Na gharama ya kazi ile haikuwa ya fedha tu. Mwaka 1970 mkewe Adeshewa, mmoja wa nguzo kuu za kundi, alifariki katika ajali ya gari wakiwa katika safari za maonyesho. Barabara iliyowalisha ndiyo iliyomchukua.

MICHEZO ILIYOPIGWA MARUFUKU

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba mfanyabiashara huyu alichagua kuchekesha tu ili tiketi ziuzike. Mwezi Juni mwaka 1945 wafanyakazi wa reli, posta na idara nyingine za serikali nchini Nigeria waligoma kwa sababu ya ughali wa maisha. Ogunde, akiwa bado polisi, aliitungia habari hiyo mchezo ulioitwa Strike and Hunger, yaani Mgomo na Njaa. Kundi lilipoupeleka Jos, wakoloni waliupiga marufuku. Mnamo Novemba 1949 polisi waliwapiga risasi wachimba makaa ya mawe katika bonde la Iva, karibu na Enugu, wakaua 21. Mwaka uliofuata Ogunde alitoa Bread and Bullet, Mkate na Risasi. Huo ulikatazwa Kano.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini marufuku hayakwisha. Mwaka 1964 alitunga Yoruba Ronu, maana yake Wayoruba Fikirini, akiwakemea viongozi waliowagawa watu kwa tamaa zao. Serikali ya Mkoa wa Magharibi ilijitambua katika kioo hicho, ikalifungia kundi lake lisionyeshe mkoani humo. Kwa mtu aliyetegemea kiingilio, kufungiwa katika mkoa wa watu wanaosema lugha yake ni kama mvuvi kunyimwa bahari. Naye alijibu kwa mchezo mwingine, Otito Koro, yaani Ukweli ni Mchungu. Marufuku iliondolewa mwaka 1966, baada ya jeshi kutwaa serikali.

Alistahimilije? Nadhani jibu limo mlangoni pa ukumbi. Msanii anayelishwa na mkono mmoja hunyamazishwa na mkono huo huo. Ogunde alilishwa na mikono maelfu, kila mmoja ukitoa kidogo. Mtawala aliweza kufunga mkoa, lakini hakuweza kuwakataza watu wote wa Nigeria wasinunue tiketi.

MIKEBE YA FILAMU

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ogunde akiwa amepita umri wa miaka 60, wakati ambao wenzake walikuwa wakihesabu wajukuu, aliingia katika filamu. Alikuwa ameona dalili. Mwaka 1976 Ola Balogun, mwongozaji aliyesomea sinema Ufaransa, alitoa Ajani Ogun, filamu ya Kiyoruba iliyowapendeza watu mno. Ogunde alishirikiana naye, na Aiye ikatoka mwaka 1979, yeye mwenyewe akiigiza mganga anayepambana na wachawi. Yale ambayo jukwaani yalihitaji pazia na giza, mtu kutoweka au kugeuka, kamera iliyafanya mbele ya macho. Watu walifurika. Zikafuata Jaiyesimi, Aropin N'Tenia ya mwaka 1982, na Ayanmo ya mwaka 1988.

Lakini filamu haikuwa biashara ya ngoma na lori. Utepe wa kupigia picha ulinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na baada ya kupigwa ulipelekwa London kusafishwa, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na maabara ya kazi hiyo. Majumba ya sinema nayo yalizoea filamu za Marekani, India na Hong Kong, zilizopatikana kwa bei nafuu kwa sababu zilikwisha kurudisha gharama zake kwingineko. Mtayarishaji wa Kinigeria alirudisha gharama zake hapo nyumbani au hakuzirudisha kabisa.

Ogunde aliifanyia filamu vile alivyoufanyia mchezo wa jukwaani. Aliisafirisha. Alikodi ukumbi, akaja na mashine ya kuonyeshea na watu wake wa kukata tiketi, onyesho likiisha akaondoka na mikebe yake. Nakala ya filamu haikulala kwa mtu mwingine. Huenda ukaona huo ni uchoyo wa mzee. Basi sikia yaliyompata mwenzake Moses Olaiya, mchekeshaji mashuhuri kwa jina la Baba Sala. Mwaka 1982 alitoa Orun Mooru, akiwa ametia humo mali yake nyingi. Maharamia waliipata, wakainakili katika kanda za video, wakaiuza mitaani. Watu waliicheka sebuleni mwao bila senti moja kumfikia aliyewachekesha, naye hasara ile ilimwelemea kwa miaka mingi.

Hata hivyo ulinzi wa Ogunde ulikuwa na bei yake. Filamu ambayo ingeweza kuonyeshwa miji kumi kwa usiku mmoja iliusubiri mkono wa mwenyewe, mji baada ya mji. Mali iliyofungwa hivyo haiibiwi, lakini haitembei upesi, na mwenye ufunguo akifa, wanaobaki hupapasa gizani.

ALIYOYAACHA

Mwaka 1971 wenye makundi waliunda chama chao, na Ogunde akawa rais wake wa kwanza, maana alijua kwamba msanii mmoja mmoja ni ufito, haukawii kuvunjwa. Huko Ososa alijenga kijiji cha filamu, mahali pa kupigia picha na kuweka vifaa. Tangu mwaka 1986 serikali ilimkabidhi kuunda kundi la taifa la sanaa. Nchi iliyowahi kumfungia ikamwomba aiwakilishe. Alifariki mjini London tarehe 4 Aprili 1990, muda mfupi baada ya kuigiza katika filamu ya Mister Johnson, akazikwa Ososa.

Wakati huo thamani ya naira ilikuwa imeporomoka, na filamu ya utepe haikulipika tena. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage, kwa lugha ya Kiigbo, katika kanda ya video ya kununua na kupeleka nyumbani. Ndiyo mlango uliofungua biashara kubwa ya filamu ambayo dunia huiita Nollywood. Mitambo ilibadilika, lakini waigizaji wengi wa Kiyoruba waliouingia mlango huo walikuwa wamelelewa na makundi ya lori, na watazamaji walikwisha zoea kulipa ili wajione wenyewe.

Basi, ndugu msomaji, mwanao akikujia na kusema anataka kuwa mwigizaji au mpiga muziki, usikimbilie fimbo wala usikimbilie kushangilia. Muulize maswali matatu. Kwanza, nani anashika fedha za mlangoni, na ujira wako umeandikwa wapi? Pili, kazi ikisha kurekodiwa, nakala ni mali ya nani? Tatu, ukiumia njiani au mwenye kundi akifariki, nani atakujua? Akiweza kuyajibu, mpe baraka zako, kwa sababu hajaja kukuambia habari ya starehe. Amekuja kukuambia kwamba amepata kazi.

Na wewe mwenyewe, Jumamosi utakaposimama mlangoni pa ukumbi na familia yako, lipa kiingilio bila kutafuta upenyo wa ukuta. Ndani mna watu waliotoka kazini kwao kuja kazini.

Hadi Jumapili ijayo.