Chuo Kikuu cha Dodoma Kisiwe Kongwa ya Pili

Wapo watu ambao kila litajwapo jina la Dodoma hukunja nyuso. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba Makao Makuu ya Serikali yahamie katikati ya nchi, watu wa namna hiyo walisema ati Serikali haiwezi kukaa nyikani. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipofunguliwa mwaka 2007 waliuliza tena: nani atakwenda kusoma kwenye vumbi? Leo wizara ziko Mtumba, maelfu ya wahitimu wametoka Chimwaga, na wakunja nyuso wale wale wanatafuta viwanja Iyumbu na Ng'ong'ona. Hao hawastahili kupotezewa wino zaidi.

Wanaostahili kuambiwa ukweli ni marafiki wa chuo hicho. Ukiwauliza chuo kimeifanyia nini nchi, wao huanza kuhesabu majengo. Watakutajia ndaki zilizotapakaa vilimani, mabweni, na ile azma ya kusomesha wanafunzi 40,000. Hayo yote ni kweli, na ni sifa kwa taifa. Lakini jengo haliwezi kuwa jibu la swali hilo.

Tena majengo yenyewe yana wenyewe. Chuo hiki kilizaliwa penye ukumbi wa Chimwaga uliokuwa mali ya Chama, ukumbi ambamo Benjamin Mkapa aliteuliwa kuwa mgombea urais mwaka 1995, naye ndiye baadaye aliyekuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Kuuzunguka ukumbi huo ndaki zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za mifuko ya pensheni: NSSF, PPF, PSPF, LAPF. Maana yake ni kwamba tofali zile zilifyatuliwa kwa akiba ya mwalimu wa shule ya msingi, ya karani wa halmashauri, ya mfanyakazi wa kiwandani aliyekatwa mshahara kila mwezi akitumaini kuja kuula uzeeni. Deni ambalo Serikali iliwiwa na mifuko hiyo lilitajwa miaka na miaka, Bungeni na katika taarifa za Mkaguzi Mkuu. Anayedhani kwamba elimu ya Chimwaga ni zawadi kutoka mbinguni na amwulize mstaafu.

Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili mapema, kwa mfano ambao watu wa Ugogo hawahitaji kufasiriwa. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila akapotea, huyo ni msaliti. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kuikataa Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyowekwa, karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ugomvi ule haukuhusu mishahara peke yake. Ulihusu msomi ni wa nani.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika nyanda za kati, kwa sababu hapa ndipo elimu isiyouliza ilipopata aibu yake kubwa kuliko zote katika Afrika Mashariki. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu wakaizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Waliporudi kwao walishauri ilimwe karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 matrekta yakafika Kongwa, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mizizi ya pori ikavunja majembe. Mvua ilipokata, udongo wa mfinyanzi ukakauka kama saruji, karanga zikabaki ndani yake. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 35 zimekwenda na upepo. Mgogo aliyekuwa akilima uwele na mtama pembeni alijua miaka ipi mvua hukimbia. Kizazi chake kilikuwa kimepita katika njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kufagia ng'ombe na nafaka. Hakuna aliyekuja kumketisha akamwuliza.

Kilichokosekana Kongwa hakikuwa fedha, wala mitambo, wala shahada. Vyote hivyo vilikuwapo tele.

Sasa itazamwe Mei 2016. Katika chuo hiki hiki wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliambiwa wafunge virago baada ya masomo yao kukwama. Baadhi walihamishiwa vyuo vya ualimu. Nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wa hisabati na fizikia, na bado mpango wa kuwapata ulivunjika katikati ya muhula. Hazikupita siku nyingi Serikali ikaanza kuhamia Dodoma, na wizara kadhaa, zikiwamo ya Elimu na ya Afya, zikapata ofisi katika majengo ya Ndaki ya Biashara na Sheria. Haja ya Serikali ilikuwa ya kweli, maana Mji wa Serikali wa Mtumba ulizinduliwa mwaka 2019 tu. Lakini chuo ambacho kumbi zake zaweza kugeuzwa masjala kinapaswa kujiuliza kama kilipangwa kwa kuhesabu walimu na masomo, au kwa kuhesabu vyumba.

Hapana mwenye haki ya kusema kwamba wasomi wa Dodoma wamelala. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Idris Kikula, alikuwa mtafiti wa mazingira aliyeandika juu ya yaliyoipata ardhi wakati wa kuanzisha vijiji. Katika ardhi ya chuo imesimama Hospitali ya Benjamin Mkapa, na tangu mwaka 2018 figo hupandikizwa hapo. Mgonjwa wa Singida ambaye zamani angesafirishwa hadi Muhimbili, kama si India, haulizi faida ya chuo kikuu. Ameiona.

Lakini mkulima wa Bahi ameona nini? Mfugaji wa Kondoa je? Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Majani yaliota tena kwenye makorongo, lakini swali la ng'ombe wakale wapi lilihamishwa tu pamoja na ng'ombe wenyewe. Visima vya Makutupora vinanyweshwa mji unaovimba kila mwaka. Zabibu hukomaa na mkulima akahangaika na mnunuzi. Hayo ndiyo masomo ambayo Dodoma yaweza kuufundisha ulimwengu, na hakuna chuo cha London kitakachoyafanya kwa niaba yake.

Huenda yamekwisha kuandikwa. Tasnifu zipo, zimejaladiwa, zimepangwa rafuni. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukaa kijijini wiki 3, humhoji mzee kwa Kiswahili au Kigogo, huandika majibu ya mzee kwa lugha ambayo mzee haisomi, hupata shahada yake, na mzee hasikii habari tena. Mpelekwa chakula amerudi kijijini amebeba shehena ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli! Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, pale ambapo mtu huweza kupoteza uhuru wake. Kama hakimu ameweza, profesa wa udongo ameshindwa nini? Kusema Kiswahili hakitoshi ni kasumba ile ile ya wakunja nyuso, ila hii imevaa joho.

Jambo hili lina haraka. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021, wa dola milioni 425, vyuo vikuu vya umma vinapeleka matawi mikoani: Dar es Salaam inakwenda Lindi na Kagera, Muhimbili inakwenda Kigoma. Ni uamuzi wa haki, kwa kuwa elimu ya juu imekaa mno pwani. Na mkopo huo, kama zile pensheni, utalipwa na wavuja jasho.

Basi Dodoma, iliyotangulia, na ionyeshe njia. Kila tasnifu inayohusu nyanda za kati isipokelewe bila muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, usomeke na mtu wa darasa la saba. Nakala moja ibaki maktaba. Nyingine ipelekwe na mwanafunzi mwenyewe katika ofisi ya kata alikofanyia utafiti, aisome mbele ya mkutano wa wanakijiji, naye mzee yule aliyehojiwa apewe nafasi ya kusimama na kusema pale alipokosewa.