Faili Yako Inamjua Mzazi kwa Jina, Sio kwa Sura

Wasee, leo siongei kuhusu simu mpya wala programu za kutengeneza pesa. Hii ni ya wale mnaochezea Linux usiku na laptopu za mtumba, na ya yeyote amewahi kuharibu kazi ya mtu mwingine kwa kubonyeza kitu kimoja tu. Mimi niliharibu. Na nimekaa na hiyo kitu miaka kadhaa nikijiuliza kama kosa lilikuwa langu peke yangu. Saa hii nina jibu: sehemu kubwa ilikuwa yangu, lakini sio yote.

Nikiwa mwaka wa pili, kabla karo haijanishinda nikaacha chuo, tulikuwa watatu kwa kikundi kimoja cha mradi. Kompyuta nzuri ilikuwa moja, ya mezani, imewekwa kwa chumba cha hosteli. Diski yake ilikuwa ndogo. Kila mmoja wetu alitaka mashine pepe yake, na kila mashine pepe ilihitaji Linux nzima ya karibu GB 9. Hesabu haikuingia.

Nikaleta suluhisho, na nilijiona fundi kweli. Nikatengeneza faili moja ya msingi yenye Linux na kila programu tuliyohitaji. Juu yake nikatengeneza faili tatu ndogo za qcow2, moja ya kila mtu. Kila moja ilianza ikiwa haifiki hata MB 1. Hii ndiyo mbinu ya nakili ukiandika: ukisoma kitu ambacho hujakigusa, unasomewa kutoka kwa faili ya msingi. Ukiandika, kile kipande unachobadilisha kinanakiliwa kwa faili yako, na kuanzia hapo unasoma chako. Ya msingi inabaki vile ilivyokuwa. Watu watatu, Linux moja, na hakuna anayeona vitu vya mwenzake.

Wiki nne mambo yalikuwa sawa kabisa. Halafu, siku mbili kabla ya kuwasilisha, nikaona tunahitaji apdeti za programu. Bandoli zilikuwa karibu kuisha. Nikawaza: mbona nipakue mara tatu? Acha niwashe ile ya msingi yenyewe, niifanyie apdeti mara moja, wote wapate. Nikafanya hivyo. Hakuna kitu kilinizuia, hakuna onyo lilitokea. Nikazima, nikawasha yangu. Ikagoma katikati, maandishi yakajaa skrini. Nikajaribu ya pili. Ya tatu. Zote zilikuwa zimekufa.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na database yote ya mradi ndani ya ile yake. Bakapu hakuwa nayo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba mambo yako poa. Alirudia hiyo somo mwaka uliofuata.

Sasa ngoja nieleze kwa nini zilikufa, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Faili ya qcow2 imegawanywa kwa vipande vinavyoitwa klasta, na kwa kawaida kila klasta ni KB 64. Ili kujua klasta fulani iko wapi, kuna majedwali ya ngazi mbili, L1 na L2. Jedwali moja la L2 linajaza klasta moja. Kila mstari wake ni baiti 8, kwa hivyo kuna mistari 8,192, na kila mstari unaonyesha klasta moja. Zidisha: jedwali moja la L2 linashughulikia MB 512 za diski. Diski ya GB 40 inataka majedwali 80 tu, yaani MB 5 za hesabu. Ni kazi safi, nawapa heshima zao. Mstari ukiwa hauna kitu, maana yake ni "hii sijaigusa, nenda ukasome kwa faili ya msingi."

Ukibadilisha ya msingi, ile mistari mitupu bado inaelekeza huko huko, lakini huko kumebadilika. Ile mistari iliyojaa bado ina mambo ya zamani. Fikiria kitabu ambacho nusu ya kurasa ni za toleo la kwanza na nusu ni za toleo la pili, zimeshonwa pamoja, na orodha ya yaliyomo ni ya toleo la kwanza. Hivyo ndivyo Linux yetu ilivyokuwa.

Na hii ndiyo ilinimaliza: niliendesha qemu-img check kwa zile faili tatu, na ikaniambia hakuna kosa lolote. Na haikudanganya! Hiyo amri inaangalia majedwali na hesabu za klasta, na hizo zilikuwa sawa. Faili ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni uhusiano wake na mzazi, na huo uhusiano hakuna mtu aliyekuwa anauangalia.

Kwa nini? Kwa sababu ndani ya heda ya qcow2, mzazi ameandikwa kama jina la faili tu. Njia ya kumfikia, basi. Unaweza kubadilisha kila kitu ndani ya huyo mzazi, hata kuweka faili tofauti kabisa yenye jina lile lile, na mtoto atafungua mlango bila kuuliza. Ni kama askari wa geti anayeuliza jina pekee. Ukisema "mimi ni Kamau", unaingia.

Kuna watakaosema: QEMU siku hizi ina kufuli za faili. Kweli, zilikuja na toleo la 2.10 mwaka 2017, na zinazuia mashine mbili kuandika faili moja kwa wakati mmoja. Lakini mimi nilikuwa nimezima zile tatu zote kabla ya kuwasha ya msingi. Hapo kufuli haina la kusema.

Wengine watasema: lakini maelezo yameandikwa wazi kwamba usibadilishe faili ya msingi. Ni kweli, yameandikwa. Nami nakubali kosa langu. Lakini tunajenga reli kwenye ngazi ingawa kila mtu anajua kuanguka ni nini. Onyo lililo kwenye ukurasa ambao msee wa miaka ishirini hajaufungua saa sita usiku sio ulinzi. Ni njia ya kusema "tulikwambia."

Na sio ati haiwezekani. VMDK ya VMware ina nambari inayoitwa CID. Ni nambari ya bahati nasibu ya biti 32, na inabadilishwa mara ya kwanza diski inapoandikwa baada ya kufunguliwa. Mtoto anaweka kwake nambari aliyokuwa nayo mzazi siku ile mtoto alipozaliwa. Nambari zisipolingana, mtoto anakataa kufunguka na kukuambia mzazi amebadilishwa. VHDX ya Microsoft, iliyokuja na Windows Server 2012, nayo ina kitambulisho kinachobadilika data inapobadilika, na mtoto anakilinganisha. Hao wawili wanamjua mzazi kwa sura. Sisi wa programu huria, ambao tunapenda kujigamba, tunamjua kwa jina.

Sasa, msiniambie tutengeneze fomati mpya. Hiyo hamu naijua sana, sisi vijana tunapenda kuanza upya. Mwaka 2010 wahandisi wa IBM waliona qcow2 ni nzito, kwa sababu kila klasta mpya ilihitaji hesabu ya marejeo iandikwe salama kwanza, ndipo jedwali lifuate, ili stima ikipotea katikati usibaki na uharibifu. Wakaleta fomati mpya, QED, isiyo na hizo hesabu kabisa. Inaweka alama moja tu ya "nilikuwa kazini", na mashine ikizimika vibaya, inakagua majedwali ikifunguliwa tena. Wazo zuri sana. Lakini mwaka 2012, QEMU 1.2 ilipotoka, qcow2 ikapata uwezo wa kuchelewesha hesabu kwa kutumia alama kama hiyo hiyo. Siku hizi QED imebaki kwa ajili ya faili za zamani. Wazo liliishi, fomati ikazeeka.

Kwa hivyo mimi nasema tuongeze kwa qcow2 tuliyonayo, na nafasi ipo. Toleo la 3 la heda lina sehemu ya nyongeza, na lina biti maalum za uwezo. Kuna aina moja ya hizo biti naipenda sana: programu isiyoielewa inatakiwa kuifuta inapofungua faili ili iandike. Ona venye inaingia hapa. Weka kitambulisho cha data kwenye nyongeza ya heda ya mzazi, na uwashe biti ya kusema "kitambulisho hiki ni cha kweli." QEMU mpya ikiandika, inabadilisha kitambulisho. QEMU ya zamani ikiandika, haijui kitambulisho ni nini, lakini itafuta biti. Njia zote mbili, mtoto atajua kuna kitu kimeguswa. Gharama yake ni maandishi machache kwa heda, mara moja tu kila mashine inapoanza kuandika.

Kuna tundu, na sitalificha. Faili ya msingi ikiwa ni diski tupu ya raw, haina heda, kwa hivyo hakuna pa kuweka kitambulisho. Hapo mtoto atalazimika kutumia jina kama zamani. Pia kuna wakati unahamisha mzazi kwa sababu halali, kwa mfano umembadilisha fomati lakini data ni ile ile. Sawa. Weka amri ya kulazimisha, mtu aiandike kwa mkono wake akijua anachofanya. Sitaki faili inayokataa kila kitu. Nataka faili inayouliza swali moja kabla ya kuua kazi ya wiki nne.

Kabla hilo halijafanyika, jilindeni wenyewe. Moja, ukimaliza kutengeneza faili ya msingi, ifanyie chmod 444 hapo hapo, isiandikike. Na mashine usiiwashe ukiwa root, maana root haizuiwi na hiyo. Mbili, chukua sha256sum yake uiandike mahali. Hicho ndicho kitambulisho cha maskini, na kinafanya kazi hata kwa raw. Tatu, ukitaka apdeti, usiguse ya zamani. Tengeneza ya msingi mpya yenye tarehe kwa jina, na watoto wapya wazaliwe hapo. Nne, kabla ya kuwasha chochote, endesha qemu-img info --backing-chain uone nani anamtegemea nani. Kumbuka inaonyesha kwenda chini tu. Mzazi mwenyewe hajui ana watoto wangapi, na ndiyo maana ile siku ya msingi haikunizuia.

Na bakapu, tafadhali. Faili tatu juu ya msingi mmoja sio bakapu tatu. Ni njia tatu za kupoteza kitu kimoja.

Nimeanza kuandika hili pendekezo vizuri, na C yangu bado ni ya kuungaunga. Kama wewe unaijua kuliko mimi, na najua mko wengi, nitumie ujumbe tulimalize pamoja. Rafiki yangu yule tulishasameheana, na ndiye wa kwanza niliyemsomea hii. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ikishaongezwa, itafanya kazi kwa faili zetu za zamani?" Nikamwambia hapana, ni kwa zitakazokuja. Akasema basi fanya haraka.