Usingizi wa Mchana wa Askari

Wake wa askari polisi wa zamu ya usiku hutuletea lalamiko moja: mume hurejea alfajiri, hulala hadi adhuhuri, na aamkapo hana neno ila ukali. Huambiwa wasubiri. Sisi twaona jawabu hilo ni nusu tu.

Usingizi wa mchana haulingani na wa usiku. Mwanga na joto huukatiza, na katika kota za polisi, ambako chumba hupakana na chumba, hukatizwa pia na redio ya jirani. Basi ukali ule mara nyingi ni uchovu, wala si chuki. Dada zetu, tundikeni pazia zito dirishani, watoto waende chuoni, na wageni (hata mawifi) waje baada ya alasiri.

Lakini nawe baba, usidhani kwamba kwa mshahara umekwisha kutimiza haki zote za mkeo. Sayyidna Umar bin Khattab, Allah amridhie, alikuwa akizunguka Madina usiku kuangalia hali ya raia. Yapokewa kwamba usiku mmoja alimsikia mwanamke akilia upweke, mumewe yuko vitani. Akamuuliza bintiye, Bibi Hafsa, mke aweza kustahimili muda gani. Kisha akaamuru askari wasiwekwe mbali na wake zao zaidi ya miezi 4, na riwaya nyingine husema 6.

Wewe walala nyumba moja na mkeo, na pengine mwezi mzima hamjala sahani moja. Kabla ya magharibi, hujavaa sare bado, keti nao mle. Simu iwe mbali.