TAHARIRI: Kijana, usijenge kwa ramani ya kuazima

Umeweka akiba kwenye Sacco miaka mitano. Umejinyima nyama choma, ukaacha kubadilisha simu kila Desemba, hatimaye ukajipatia kiploti cha 50 kwa 100 kule Kitengela, Joska ama Kikuyu. Sasa kila usiku kabla ya kulala uko TikTok na Pinterest ukihifadhi picha za majumba. Unajua hata rangi ya mlango. Hongera, hiyo si kazi ndogo.

Lakini tukuulize: ramani ya hiyo nyumba umeitoa wapi?

Tunauliza kwa sababu tunajua wengi hufanya nini. Kuna anayeiokota kwenye kundi la WhatsApp. Kuna anayemwomba rafiki aliyejenga majuzi amrushie ya kwake. Kuna anayemwambia fundi, "Nataka kama ile ya jirani," na fundi anachora kwa kijiti mchangani. Kesho yake vijana wa mjengo wanachimba. Kibali je? "Hayo tutamalizana na kanjo wakija."

Msimamo wetu ni huu: mchoro uliotengenezewa ploti yako, pamoja na kibali cha kaunti, ndio ulinzi wa kila shilingi utakayomwaga kwenye saruji, vyuma na mabati. Ukiviruka hujaokoa chochote. Umeahirisha tu hasara.

Anza na udongo. Kitengela na Syokimau kuna ule udongo mweusi unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka. Rafiki yako aliyejenga Kikuyu juu ya udongo mwekundu hakuhitaji kuuwazia, na ramani yake haiujui. Msingi uliomtosha yeye unaweza kukuletea wewe nyufa ukutani hata kabla hujamaliza kulipa mkopo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa aina hii huzibwa ungali kwenye karatasi, mhandisi akiamua mchimbe hadi wapi.

Halafu kuna jua. Huku kwetu karibu na ikweta, dirisha kubwa la kioo linalotazama magharibi litakuoka kila alasiri. Msanifu majengo anayejua kazi yake ataigeuza nyumba ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Picha nyingi unazozipenda mtandaoni ni za nchi za baridi ambako watu wanalitafuta jua. Wewe unatafuta kivuli.

Bado kuna majitaka. Sehemu nyingi za viungani hazina mabomba ya kuyaondoa, kwa hivyo shimo litakuwa ndani ya ploti yako. Likae wapi lisikaribie kisima chako wala cha jirani? Gari la kulinyonya litapitia wapi? Nyumba isogee umbali gani kutoka barabarani? Kwenye 50 kwa 100, maswali hayo hayajibiwi kwa kijiti.

Na usidhani ramani yako mwenyewe ni anasa ya matajiri. Kama mfuko hauruhusu, mwambie msanifu ukweli. Anaweza kukuchorea nyumba ya kujengwa kwa awamu: vyumba viwili sasa, sebule mwaka ujao, ghorofa siku ukiomoka, na msingi uwe umepimwa tangu mwanzo kubeba uzito huo wote. Fundi aliyeanza na vyumba viwili bila hesabu hiyo hawezi kukuongezea ghorofa kwa maombi.

Sasa tuje kwa sheria. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema kuanza kujenga bila idhini ya kaunti ni kosa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh500,000, ama kifungo kisichozidi miezi 2, ama vyote viwili. Na kumbuka kitu kimoja ambacho wengi wa Nairobi husahau: kazi yako iko jijini, lakini ploti iko Kajiado, Machakos ama Kiambu. Kibali unakiomba kwa kaunti ya ploti.

Kabla ya kuomba, hakikisha kwenye rejista ya ardhi kwamba hati ni halali na haina deni wala kesi. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa. Ikiwa ardhi imesajiliwa kuwa ya kilimo, huenda ukahitaji kwanza kuomba ibadilishwe kuwa ya makazi. Kisha kuna michoro ya msanifu majengo na michoro ya mhandisi, kila mmoja akitia sahihi kazi yake. Usiamini kadi ya biashara. Msanifu husajiliwa na bodi ya BORAQS, mhandisi na bodi ya EBK. Tafuta majina yao kwenye orodha za bodi hizo. Mradi wenyewe nao husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) kabla ya kazi kuanza.

Utasema, "Hiyo safari ni ndefu, na njia ya mkato ni kitu kidogo tu." Tunakuelewa. Lakini hongo hainunui kibali. Inanunua kimya cha mtu mmoja, tena kwa muda. Akihamishwa, anakuja mwingine mwenye njaa yake. Siku ile rangi nyekundu ya X itapakwa ukutani, hutakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Usisahau pia Huruma. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani humo na kuua watu zaidi ya 50. Yako ni nyumba ndogo tu, ndiyo. Lakini slabu iliyomwagwa bila hesabu haiulizi kama aliye chini yake ni mpangaji ama ni mtoto wako.

Hatutamlaumu kijana peke yake. Serikali za kaunti nazo zina mzigo wao. Ukiingia ofisi ya mipango ukatumwa dirisha hili, kisha lile, kisha ukaambiwa mwenye muhuri hayuko, wanakufundisha kutafuta njia ya nyuma. Kaunti ziweke ada zote wazi, mahali kila mtu anaweza kuzisoma. Zitoe orodha moja ya stakabadhi zinazohitajika na zisiibadilishe kila juma. Zikikataa ombi, ziseme sababu kwa maandishi. Kenya ilipata kanuni mpya za ujenzi mwaka 2024 kuchukua mahali pa zile za 1968. Kanuni mpya mikononi mwa ofisi yenye tabia za zamani hazitamsaidia mtu.

Nawe zijue haki zako. Sheria hiyo hiyo ya 2019 inasema ukikosa jibu la maandishi kwa siku 60, ombi lako huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Basi tunza risiti na tarehe ya kuwasilisha kama unavyotunza hati ya ploti. Siku zikiyoyoma, andika barua ukiwakumbusha kifungu hicho, nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukikataliwa, kuna kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa. Karatasi zako ndizo zitakazokutetea, si kelele wala ujuaji.

Na kibali kikishatoka, usikifungie kabatini. Ita wakaguzi waone msingi kabla haujafunikwa, waone vyuma kabla ya slabu kumwagwa. Ukimaliza, dai cheti cha kuruhusiwa kuhamia. Siku utakapotaka kuuza ama kukopa kwa dhamana ya nyumba hiyo, huenda hilo likawa swali la kwanza.

Hizo picha kwenye simu usizifute. Zipeleke kwa msanifu kesho, mwende naye hadi kwenye ploti, asimame juu ya udongo wako. Fundi atangoja. Akikuharakisha, mwambie nyumba ni yako, na deni la Sacco pia ni lako.