Tyubu mbovu za msikitini si upanga wa watoto



Tyubu ya msikitini ikiungua, mara nyingi huegemezwa ukutani nyuma ya choo. Watoto wa madrasa huiokota wakaifanya upanga. Ikipasuka, unga mweupe hutapakaa. Hapa Kipalapala, kama Tabora mjini, wengi husema unga ule ndio sumu na kidonda chake hakiponi. Maneno hayo yana asili yake: zamani ulitiwa madini ya beriliamu, yenye madhara kweli, na viwanda vya Marekani viliyaacha mwaka 1949. Unga uliofuata, hasa kwenye tyubu bora, una madini adimu: yuropiamu hutoa mwanga mwekundu, tabiamu wa kijani. Hauwaki mpaka upigwe na mionzi ya urujuanimno.

Mionzi hiyo hutoka kwenye mvuke wa zebaki uliomo ndani, umeme unapopita. Hapo ndipo penye hatari. Ni zebaki ile ile wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo wa Nzega. Tyubu moja ina miligramu chache tu, kwa hiyo hakuna haja ya kutaharuki. Lakini zikivunjwa nyingi ndani ya chumba, mvuke huingia mapafuni, ukadhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni yuko hatarini zaidi.

Ikivunjika, toeni watu, fungueni madirisha, subirini robo saa. Msifagie, ufagio hutawanya. Okoteni vipande kwa karatasi ngumu, pangusini kwa kitambaa kibichi, vyote vifungwe kwenye kopo lenye mfuniko. Msichome, wala msitupe karibu na kisima.

Sasa kamati za misikiti. Novemba 2023, nchi za Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu za taa ifikapo 2027. Nina wasiwasi masalia yatauzwa kwa bei ya kutupa na kuletwa msikitini kama sadaka. Kamati ziyakatae kwa adabu. Balbu ya LED nayo ina unga wake, wa itriamu na seriamu, unaowashwa na mwanga wa buluu, lakini zebaki haimo. Mwenye nia ya kutoa sadaka ya taa anunue hiyo.

Tyubu zinazowaka bado, ziacheni mpaka zife. Zikifa zirudishwe nzima kwenye boksi, zifungiwe stoo, na ufunguo akae nao muadhini.